Tarumbeta ya Mumbi na Mlango wa Kando

Makomredi, wana wa Mashariki ya jiji, nyinyi mnaoisoma shajara hii mtandaoni mkiwa mmejikunyata chini ya mablanketi kwa baridi ya Agosti! Leo ni Jumapili. Rasharasha haijakatika tangu asubuhi, nguo zimekataa kukauka kwenye kamba za mtaa wetu wa Jericho, na mimi nina hasira.

Si hasira ya jukwaani. Ile naijua vyema; huja na makofi, huondoka na makofi. Hii imelala nami na kuamka nami.

Chanzo chake ni mdogo wangu, Mumbi, aliye Gredi ya Tisa. Kabla shule hazijafunguliwa ni lazima achague mkondo wa masomo atakaoufuata katika sekondari pevu, yaani ile ya juu, na chaguo hilo halipiti bila idhini ya baba. Mumbi anataka Sanaa, na kwake sanaa ni muziki tu. Baba anataka Sayansi. Mumbi hupiga tarumbeta katika brigedi ya kanisa letu, na hata akilala vidole vyake huendelea kuipiga juu ya mto. Baba naye hushinda kwenye mashine za kiwanda cha mabati katika Eneo la Viwanda, na kuhusu jambo hili ana kauli moja tu: "Muziki ni wa Jumapili. Jumatatu mtu atakula nini?"

Swali hilo si la kijinga. Nimekaa chuo kikuu na sijakutana na jibu lake katika kitabu chochote.

Kwa hiyo nilimwomba baba kitu kimoja. Atupe Jumamosi moja. Tutoke sote, yeye, mama, Mumbi na mimi, tukaione Nairobi ya muziki, tuwaone kwa macho watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Akirudi nyumbani bado anakataa, nitanyamaza. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita Mama, na kunikatalia jambo kavukavu humwia vigumu. Alikuna kidevu, akasema, "Sawa, Mama. Lakini usitufilisi."

Nilidhani hapo nimevuka mlima. Mlima ulikuwa kupanga.

Makomredi, hebu siku moja jaribuni kutafuta mtandaoni matembezi ya familia jijini Nairobi kwa bei nafuu, hasa mkiwa na kijana apendaye muziki. Ukurasa wa kwanza ulinishauri nianze kwa kukodi gari kutoka uwanja wa ndege. Wa pili uliapa kuwa unawajali wasio na kitu, kisha ukanitajia hoteli ambayo bei ya kiamshakinywa chake ingelisha wapangaji wote wa ploti yetu. Wa tatu ulikuwa na sehemu maalumu ya vijana na muziki. Nikafurahi, nikausoma hadi chini, na huko chini nikakuta onyo: familia zisielekee mashariki ya katikati ya jiji, si salama.

Sisi ndio familia. Tunaishi ndani ya lile onyo.

Ni nani aliyeamua kwamba mgeni wa jiji ni yule anayeshuka angani, na kwamba anayeingia kwa miguu kupitia soko la Muthurwa hawezi kuwa mtalii, ila ni mchuuzi, kibarua au mwizi? Mama yangu ameuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba tangu nikiwa mgongoni mwake. Ameyavisha madirisha ya nyumba za jiji hili. Hakuna ukurasa hata mmoja uliofikiria kwamba mwanamke huyo anaweza siku moja kutaka kuketi tu, asikilize fidla.

Niliutupa ushauri wao nikaandika wangu. Tutaondoka alfajiri na kutembea Barabara ya Jogoo hadi mjini, maana miguu haina nauli. Chakula tutabeba: chapati na ndengu. Tutasimama kwenye madirisha ya maduka ya ala za muziki, kwani kutazama hakujatozwa ushuru bado. Kilele cha siku kitakuwa mazoezi ya wazi ya okestra ya vijana, katika ukumbi mmoja ule upande wa mji wenye mijakaranda. Tangazo lao lilikuwa wazi kama mchana: hakuna kiingilio, familia zote zinakaribishwa.

Familia zote. Niliyasoma maneno hayo kwa sauti, baba akisikia.

Jumamosi ikafika, na familia yangu ikajitokeza sebuleni ikiwa imevaa sare. Mama alikuwa na kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa, blauzi nyeupe na sketi ya buluu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Baba, ambaye ni mkaribishaji wa mlangoni kanisani, alikuwa na suruali nyeusi, shati jeupe na tai nyeusi. Mumbi alikuwa na sare ya brigedi, na tarumbeta ameikumbatia ndani ya leso.

"Tarumbeta ya nini? Tunaenda kusikiliza," nikamwambia.

"Siz, hii siachi nyumbani. Kapteni wa brigedi akisikia imeibwa, atanizika nayo."

Sikuwaambia wabadilishe nguo, wala singethubutu. Kwetu mtu akienda mahali pa heshima huvaa sare yake. Sare husema: huyu ana watu, huyu anajulikana, huyu akipotea kuna watakaomtafuta.

Kule kwenye mijakaranda, sare husema jambo jingine.

Bawabu wa ukumbi alitutazama mara moja, kiondo cha mama, tai ya baba, akanyoosha kidole kuelekea upande. "Mlango wa kando, wazee. Ule wa jikoni." Alisema kwa adabu. Nasisitiza hilo kwa sababu adabu ndiyo iliyotuponza. Kanisa letu likitembelea kanisa jingine, wageni wenye sare hawapitishwi mbele kama watazamaji. Hupokelewa jikoni kwanza, hupewa chai, na akina mama wageni hufunga aproni na kusaidia kuandaa, maana anayesaidia si mgeni tena. Kwa wazazi wangu, kupelekwa jikoni kulikuwa heshima kubwa kuliko walivyotarajia.

"Unaona watu wastaarabu?" mama akaninong'oneza. Dakika chache baadaye alikuwa amefunga aproni anapanga vikombe, na baba, naye kwa aproni, ameshika birika.

Nilijua. Makomredi, mimi nilijua mara moja tumedhaniwa kuwa watumishi. Lakini mama alikuwa anacheka na wapishi, baba anaulizia sukari iko wapi, na ningewezaje kuwaambia? Ningewavua furaha yao mbele za watu. Nikachukua sinia nikalibeba, mimi niliyewahi kuhutubia wanafunzi uwanja mzima juu ya hadhi ya mfanyakazi.

Wakati huo kijana mmoja aliyening'iniza kitambulisho shingoni alimwona Mumbi na kile alichokumbatia. "Tarumbeta! Nyinyi ndio mmechelewa? Ingia haraka, mwalimu amekasirika." Akamvuta. Mumbi alinigeukia, macho yamemtoka, kisha akaenda.

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kuvutwa hivyo.

Nilisimama kwenye mlango wa jikoni unaotazama ukumbini. Mumbi hajui zile noti zenye vichwa na mikia. Kanisani kwetu tunasoma do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi. Kipande kilipopigwa mara ya kwanza alishika tarumbeta bila kuipuliza, kichwa kimeinama, anasikiliza. Mara ya pili aliingia. Aliingia polepole, kama mtu anayeingia kwenye ibada iliyokwisha kuanza, halafu akakaa sawa, na penye pengo moja akaongeza vipande viwili vitatu vya kwake, vile ambavyo brigedi hupiga ikipinda kona ya soko.

Mwalimu, mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni, alisimamisha okestra yote.

"Nani amepiga hicho?"

Mumbi akainua mkono kama yuko darasani.

"Hakijaandikwa hapa."

"Samahani, mwalimu."

"Nimekwambia uombe msamaha? Rudia."

Akarudia, mwalimu akacheka peke yake, na mwisho wa kipande kile akatangaza kwamba tarumbeta zote zirudi Jumamosi ijayo. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa nyuma yangu, birika mkononi, amesahau kulitua.

Laiti siku ingekoma hapo.

Mama mmoja mratibu alipita akiwahesabu watoto, akafika kwa Mumbi na kumuuliza ni wa shule gani. Mumbi akataja shule yake, ya kutwa, ya kwetu. "Pole, mpenzi, nafasi hizi ni za shule washirika. Umekuja na nani? Wazazi wako wapi?"

Mumbi hajui kusema uongo. "Wako jikoni."

Wakacheka. Si wote. Waliocheka walitosha.

Baba alilitua birika. Alivua aproni, akaikunja nne kama nguo ya madhabahu, akaiweka juu ya meza, akatembea hadi katikati ya ukumbi ule. "Madam," akasema, "sisi si wapishi. Tumekuja kusikiliza. Tangazo lenu lilisema familia zote."

Mratibu akashika mdomo. "Jamani, samahani! Mngesema."

Mngesema!

Neno hilo nalinukuu hapa ili lisisahaulike. Aliyekosewa ndiye aliyepaswa kusema. Mwenye tai nyeusi ndiye aliyepaswa kueleza kwamba tai yake si ya kazi. Wazazi waliofika pale kwa magari hawakuulizwa wajieleze; magari yao yaliwaeleza. Nilivuta pumzi, hotuba nzima ikiwa imejipanga kooni, na nilikuwa nimefikia "Dada, hii ndiyo hali halisi ya tabaka..." baba alipoinua kiganja.

"Mama, nyamaza."

Mratibu akatuletea vifurushi vya vitafunio, labda kama fidia. "Asante," mama akamwambia, "tumebeba chapati." Akachukua kiondo chake tukatoka. Sitasahau mgongo wake ulivyonyooka.

Tulikula bustanini, rasharasha ikitudondokea. Kisha baba akanigeukia, na hakuwa na ukali hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. "Ulitaka nione, nimeona. Umeniletea ushahidi, Mama, ila ni ushahidi wa upande wangu. Hapo ndipo unataka nimpeleke huyu mtoto? Acheze, halafu aulizwe baba yako yuko wapi? Injinia haulizwi."

Huulizwa, baba. Hata injinia huulizwa. Nilitaka kumwambia hivyo na sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na kwa sababu, makomredi, kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika kama naupigania muziki wa Mumbi au ushindi wangu mwenyewe. Je, nilimpeleka kule kwa ajili yake, au nilihitaji familia ya kuandamana nayo?

Ni Mumbi aliyemjibu baba, ndengu mdomoni. "Lakini baba, mwalimu alisema tarumbeta zote zirudi Jumamosi. Mimi ni tarumbeta."

"Umesikia walichosema. Shule washirika."

"Huyo ni yule mama. Mwalimu hakusema za shule gani."

"Utarudi ukachekwe?"

"Walicheka kidogo tu. Halafu walikuwa wanapiga ile sehemu ya tatu vibaya."

Mama ndiye aliyeangua kicheko, chapati nusura imkabe. Baba alitazama kando, nami nilimwona akiuma mdomo.

Leo kanisani brigedi iliongoza maandamano kama kawaida, Mumbi mbele, mashavu yamejaa hewa. Baba alikuwa mlangoni akiwapa watu mikono. Baada ya ibada hatukulitaja jambo hili. Chakula cha mchana kililiwa, vyombo vikaoshwa, na lile chaguo la mkondo bado halina idhini. Nilikuwa hapa mezani naandika haya alipokuja akasimama nyuma ya kiti changu. Kusoma anachoandika mwingine si desturi yake. Hakusoma.

"Mama."

"Naam, baba."

"Sijakubali muziki."

"Najua, baba."

"Nimekataa jikoni tu. Usije ukachanganya hayo mawili." Akashika mgongo wa kiti changu. "Hiyo Jumamosi yao ni saa ngapi?"

Basi, makomredi, mlio na watoto wa brigedi, wa kwaya, wa ngoma, wa kupiga ndoo kwa vijiti, na mlio na sare kabatini, tangazo ni hili: Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Tunaingilia mlango wa mbele.