Mafuta ya Kampala

Birere, Goma, tarehe 9 Februari 2025

Yaya Farida, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka hapa nyumbani, pamoja na za bwana yangu Yuma. Uko namna gani huko Kampala? Goti lako lilipona? Watoto wanasoma? Sisi tuko, Yaya. Nikiandika tuko, usiniulize zaidi kwanza. Umeme unarudi na kukatika, banki zimefungwa, muji umebadilisha wakubwa wake tena, mambo unayoyajua tangu tukiwa vijana. Mimi nimechoka. Nimechoka kubeba matela ya kulalia juu ya kichwa, kurudi nayo, na kuibeba tena.

Barua hii anakuletea Ismael dereva, yule anayepitaka njia ya Bunagana. Amesema niandike haraka, anangojea tu gari ijae. Najua unashangaa kwa nini naandika na simu zimerudi. Juzi ulipopata laini ukaniuliza habari ya Mama, nikakuambia amelala, kisha laini ikakatika. Haikukatika yenyewe. Nitafika huko, univumilie, nipitie kwanza kwenye ile dawa uliyonipatia.

Unakumbuka ilivyoanza. Mwaka ule mulima ulipopasuka tulikuwa Sake, tumelundikana ndani ya darasa la watoto, ardhi inatetemeka kila mara. Muchana mumoja joto likanipanda kutoka kifua mpaka nywele, jasho likamwagika, nikaruka nikipiga kelele kwamba moto unapita chini ya sakafu. Basi! Wanawake wote wakanyakua watoto na masufuria, wakatoka mbio mpaka barabarani. Mama peke yake alibaki amekaa. Nilipomurudilia akasema nikae chini, mulima hauna habari na mimi, ule moto ni wangu mwenyewe, umri umefika. Wale wanawake walinichukia mpaka siku ya kurudi Goma. Wewe uliposikia kwa simu ulicheka mpaka ukakohoa.

Mama hakucheka, alifurahi. Unajua kazi ya kuosha maiti aliyoifanya miaka yote, nusu ya wanawake waliokufa katika kartie yetu ya Birere walipita mikononi mwake. Na desturi aliyoipokea kwa nyanya kutoka Kasongo haikubali mwanamuke mwenye damu aguse maiti. Kwa hiyo alikuwa ananingojea. Damu ilipokoma aliniita mbele ya mama Asma, mwenzake wa kuosha, akasema sasa mikono yangu iko huru, na siku yake ikifika hataki mikono mingine, maana Farida yuko mbali. Nikaitika. Hakuna aliyenilazimisha.

Ila lile joto halikuniacha. Silali, nagombana na Yuma kwa sababu ya chumvi, nalia juu ya sufuria ya sombe. Ndipo ukaniita huko Kampala, ukanipeleka kwa munganga wako wa hospitali, nikarudi na yale mafuta ya kupakaa mukononi na vidonge vya kumeza. Ulinieleza kwamba vinatoka kwenye kiazi kikuu cha porini, vinageuzwa mpaka vinafanana kabisa na kile mwili wa mwanamuke ulikuwa unatengeneza wenyewe. Mama akaviita mafuta ya Kampala, akauliza kama hakuna ya kuwapakaa wanaume wapunguze maneno. Yaya, nililala! Nilikuwa nimesahau utamu wa usingizi. Lakini vidonge nilivimeza sehemu ya mwezi tu, nikivipumzisha damu inarudi kidogo, kama zamani. Munganga Nsimire wa hapa aliniambia hiyo si ya uzazi, ni ya dawa, na kwamba kuna namna ya kumeza kila siku mpaka damu ikome kabisa. Sawa, ila hiyo inataka vidonge vingi, na tangu waasi wakamate Bunagana mizigo yako inafika nusu, au haifiki.

Basi nikaacha dawa. Niliacha kwa ajili ya Mama, na sikukuambia, maana ungenigombeza. Presha yake ilikuwa inapanda, miguu inavimba, nikaona lazima mikono yangu iwe tayari. Joto likarudi na jamaa yake yote. Hata kumupa Mama chai nilimumwagilia. Ndipo akaniamuru nirudie mafuta yangu. Alisema hana haraka ya kufa, na nisikae namungojea pale mulangoni kama dereva anayengojea gari ijae. Nikacheka, nikapakaa, nikameza. Ningeambiwa nipakae majivu ningepakaa, Yaya, nilikuwa nimechoka namna hiyo.

Kisha ikaja ile wiki ya mwisho ya Januari. Bomu zilianguka upande wa uwanja wa ndege, maji yakakatika, dawa ya presha ikaisha na hakuna farmasi iliyofungua. Mama tulimulaza chini ya meza kubwa. Asubuhi moja akaniita, akaniuliza kama mikono yangu iko huru. Nilikuwa nimepumzisha vidonge, zilikuwa siku za damu. Nikamujibu kwamba iko huru. Akasema tangu utoto wangu sijui kudanganya, nikidanganya naangaliaka dirisha. Akasema alinizaa katika damu na hakunikataa, basi nitamuosha hivyo hivyo. Saa sita za muchana alikuwa ameenda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yetu hayuko tena, Yaya Farida.

Mama Asma hakuweza kuvuka barabara, risasi zilikuwa zinapita. Yuma akauliza nani atamuosha. Nilichukua bidon ya maji tuliyoificha kwa ajili ya chai yake, nikafunga mulango. Nilimuosha kama alivyonionyesha, upande wa kuume kwanza, nikimuongelesha polepole asishituke na baridi ya maji. Risasi zilipotulia wanaume walimuzika nyuma ya musikiti, wakivunja mawe ya volkano kwa chuma mpaka viganja vikachubuka. Watu wote wanasifu kwamba binti yake alikuwa tayari. Hakuna anayejua habari ya damu, ni wewe peke yako. Kuna siku najiambia nimemuharibia safari yake, na kuna siku namusikia akisema nimuoshe hivyo hivyo. Sijamuuliza shehe, na sitamuuliza.

Nisamehe kwa kukuambia amelala. Sikutaka upokee habari ile ukiwa katikati ya soko, kwa simu ya kukatika-katika. Soma umekaa, na bwana yako akiwa karibu.

Mafuta yanakaribia kuisha. Ismael akirudi umupe mengine, na vidonge, usikasirike nikiomba katika barua kama hii. Nataka kulala.

Salimia shemeji na watoto wote. Kila barua yangu ilimalizika na salamu ya Mama, aliisema akisimama nyuma ya bega langu. Ya mara hii aliisema pale chini ya meza, siku moja kabla ya kufa. Alisema nikuambie kwamba dawa yako ni nzuri, mutoto wake analala.

Mudogo wako,
Aziza