Sehemu ya Pili ya Yule Polisi

Mjukuu wangu Koku,

Huku Kimwani tu wazima, na migomba imezaa. Unauliza nilijifunza wapi kusimulia sinema kwa mateke, mimi mwenye aibu hivi.

Miaka kadhaa baada ya vita vya mpakani, kaka yangu Deo aliugua ule ugonjwa uliokuwa ukikondesha watu. Akanituma Bukoba, kwenye banda la video, nitazame sehemu ya pili ya sinema ya yule polisi mchekeshaji wa karate. "Ukaone kama amepata akili."

Niliporudi nilisimama mbele ya kitanda chake, nikasema tu, "Nimeona." Deo akaniitikia kama tulivyoitikia hadithi za bibi: "Ona, nasi tuone." Nikaruka, nikaangusha stuli. Alicheka mpaka akakohoa.

Sehemu ya tatu ilipokuja, Deo hakuwepo tena duniani. Niliitazama, nikarudi nayo nzima kifuani.

Ukipiga simu Jumapili, niitikie kama Deo, nikusimulie hiyo ya tatu.

Babu yako