Kimo Kipya cha Gari la Kaka

Nyumba ya uani, nyuma ya karakana,
Tarehe 9 Machi,
mwaka wa thelathini na moja tangu tuvuke mto.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani? Macho yanasemaje? Lile la kushoto, ulilosema linaona watu kama wamesimama nyuma ya pazia, je, pazia limezidi uzito au limebaki vilevile? Na magoti? Najua mkaza mwanao ndiye anayekusomea. Mwambie asome polepole, wala asiruke mstari hata mmoja kwa kunihurumia.

Mimi ni mzima, ila naandika mguu ukiwa juu ya kigoda. Kifundo kimeteguka, na ubavu mmoja unanikumbusha kila nikikohoa. Nitakueleza ilivyokuwa. Wewe usishtuke. Nimekwisha kushtuka mimi kwa niaba ya ukoo mzima.

Kazi ya kujalidi vitabu bado inanipa riziki. Juzi nililetewa kamusi kuukuu iliyoachana na mgongo wake, na nimeishona upya kwa uzi wa kitani. Mikono yangu ilikuwa imetulia mpaka mwezi uliopita. Sasa nikichukua sindano hunibidi kungoja kidogo kabla ya kuchoma.

Barua yako ya mwisho naiweka chini ya mto wa kulalia. Uliniomba jambo moja tu: nije nikuone wakati na wewe bado unaweza kuniona. Tangu siku ile hakuna mtu katika nyumba hii anayezungumza jingine, na hapo ndipo lilipoingia gari.

Unajua kwamba marehemu kaka aliniachia mimi gari lake. Mimi ambaye sikuwahi kushika usukani! Ni kipara kurithi kitana. Ni lilelile, Dada. Rangi ile ya majani makavu, mlango ule wa kushoto unaotaka kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge, na ule mbonyeo wa ubavuni ambao wewe na mimi tunajua ulitoka wapi. Kaka hakukubali unyooshwe.

Miaka yote tuliyokaa hapa aliliegesha kinyumenyume, pua ikitazama lango, na tangi hakuliacha lishuke chini ya nusu. Majirani walimcheka, wakasema hajui kuegesha namna nyingine. Yeye alijibu kwamba gari lililogeuka tayari halihitaji kuamshwa. Hata siku ya mazishi yake lilikuwa limekaa hivyo, pua langoni, kama mtu aliyevaa viatu akisubiri kuitwa.

Binti yake umeniuliza habari zake. Huyu tunamwita Komando, kwa sababu alianza kupanda kuta kabla ya kujua kutembea vizuri, na mpaka leo jina linamfaa. Anaendesha boza la maji, anapeleka maji kwenye majengo yanayojengwa. Nilipomsomea barua yako alikuwa anakula amesimama. Aliweka sahani chini, akasema, "Baba mdogo, panga nguo zako. Shangazi akiita, haiitiki barua, unaitika wewe."

Nikamwambia daraja halikujengwa tena. Akasema anajua, amekwisha kuwauliza madereva wa malori. Njia ni ileile ya kukanyaga mtoni.

"Siku ile mto uliwakamata kwa sababu gari lilikuwa fupi," akasema. "Basi tutalirefusha miguu."

Dada, toka siku ile sijapata usingizi wa kueleweka.

Alilipeleka karakana hii iliyo mbele yetu, kwa fundi tunayemwita Jeki, kwani mtu humwona miguu tu, kichwa kiko chini ya gari la mwenzake. Dirisha la meza yangu linatazama palepale, kwa hiyo nimeyaona yote nikitaka nisitake. Walilinyanyua gari, wakaling'oa springi za zamani. Mabamba yake yalikuwa yameshikana kwa kutu mithili ya kurasa zilizolowa. Wakafunga mapya, manene, yenye mgongo wa kupinda. Wakatia vipande vya chuma kati ya chasisi na bodi. Shokomzoba ndefu zaidi. Paipu za breki nazo ndefu zaidi, maana Jeki alinionyesha kwamba zile za zamani zingekatika kama uzi siku gurudumu moja lingening'inia. Wakakata madigadi ili matairi makubwa yapate pa kuzungukia. Mwisho wakapandisha bomba la kuvutia hewa ubavuni mpaka juu ya paa, ili injini ipumue hata maji yakifika kwenye boneti.

Kila lilipopanda, na moyo wangu ulipanda. Watu walikuja kulitazama na kulisifu. Mimi niliona kitu kimoja tu: kwamba safari ilikuwa inapata mwili. Maneno ya kwenda unaweza kuyaahirisha. Gari lililosimama mbele ya dirisha lako, refu kama ghorofa, huliahirishi.

Nilimuuliza Jeki kama halitapinduka kwenye mteremko, kwa urefu ule.

"Litapinduka likiendeshwa na mpumbavu, mzee."

"Na likiendeshwa na huyu?"

Komando alikuwa amelala chini ya ekseli. Akasema bila kutoa kichwa, "Baba mdogo, nakusikia."

"Huyu si mpumbavu," Jeki akanijibu. "Huyu ni kichaa. Kichaa huwa anashika usukani kwa mikono miwili."

Wakacheka. Nikacheka nao.

Sasa hapa ndipo nataka asome taratibu. Nje ya mji kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mvua zimeyajaza maji. Kina chake si kikubwa pembeni, sakafu yake ni mwamba. Jumamosi iliyopita tulikwenda kulijaribu gari. Komando usukanini, mimi kando yake, Jeki ukingoni na kamba. Kupanda tu nilisukumwa kama gunia. Nilipokaa, niliona mapaa ya nyumba ambayo siku zote nimeyaona kwa chini. Nilijishika kwenye dashibodi, palepale alipokuwa akishika mama.

Tuliingia majini. Yalifika kwenye ringi, yakafika kwenye ubao wa mlango, yakaanza kupiga ile sauti. Wewe unaijua. Gari halikuyumba hata kidogo. Lilitembea kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Komando akatabasamu, na katikati ya lile bwawa akazima injini, ili asikilize kama maji yanaingia mahali popote.

Hakuniambia kwamba anazima. Kwa nini aniambie? Hakuwa amezaliwa.

Injini iliponyamaza, mimi sikuwepo tena pale machimboni. Nilimsikia kaka akipiga kelele, "Shukeni! Shukeni lipate wepesi!" Kwa jinsi alivyotuamuru siku ile, ndivyo nilivyofanya. Nilinyanyua mlango kidogo ili ufunguke, nikashusha mguu.

Mguu wangu ulikuwa unakijua kimo cha gari lile, Dada. Ulikijua kwa miaka thelathini na mmoja, bila mimi kuukumbusha. Ulikwenda kuitafuta ardhi pale ilipokuwa siku zote, na ardhi haikuwepo. Walikuwa wameisogeza. Nilianguka kutoka juu, ubavu ukapiga chuma cha chini ya mlango, kifundo kikapinda juu ya jiwe, nikazama. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Lakini mtu aliyelala chini ya maji ya kifuani hahesabu sentimita.

Jambo ninaloliogopa si hilo. Linakuja sasa.

Komando aliruka. Hakufikiri. Aliacha usukani, hakuvuta breki ya mkono, akaruka upande wangu, akanikamata ukosi. Gari nalo likaanza kuteleza taratibu kuelekea kwenye kina, na sisi wawili, katika kuhangaika, tulikuwa tumesogea mbele yake. Nililiona likija, pua ileile. Jeki alipiga mbizi na viatu vyake, akapanda upande wa pili, akavuta breki. Lilisimama karibu nasi kiasi kwamba niliweza kuligusa, nikaligusa.

Tulifika ukingoni. Jeki akakamua shati lake akasema, "Mzee, ukitaka kuoga siku nyingine, sema tu." Komando hakucheka. Alinipiga begani kwa ngumi, kisha akanikumbatia, kisha akanipiga tena.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akaniuliza. "Ulikuwa unakwenda wapi, baba mdogo?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe. Nilikuwa nakwenda kusukuma.

Tangu hapo, kila gari linapozimwa pale karakana, mguu wangu huu mzima unasogea wenyewe chini ya meza. Magari huzimwa kutwa nzima. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hawakusema ushtuko huo unadumu muda gani. Daktari anasema kifundo kitapona. Nilimuuliza kuhusu mguu mwingine, akanitazama kama aliyesikia vibaya.

Komando kwa upande wake amepata dawa. Amechomelea ngazi ya chuma ya vipago viwili chini ya mlango wa kushoto, yenye mpira wa kuzuia utelezi, na kishikio. Anasema safari hii hatazima injini hata akipewa dhahabu. Namwamini. Lakini mto unaweza kuizima bila kumwomba ruhusa, na injini ikinyamaza nitashuka. Najijua sasa. Nikishuka, ataruka. Gari litabaki halina mtu. Mto ule umekwisha kutugawa mara moja, na sitaupelekea binti wa kaka kwa mikono yangu.

Hiyo ni sababu nzuri, na ni ya kweli. Ningeweza kuishia hapo, ukanisamehe. Lakini wewe ulinilea, na uongo wangu ulikuwa ukiugundua kabla sijamaliza kuusema. Kwa hiyo chukua na nusu iliyobaki.

Tuliposhuka siku ile, wewe ulimshika mama mkono mkarudi ukingoni, kwa kuwa maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Mimi nikabaki nyuma ya gari nikisukuma. Lilipopata mshiko, mtu mmoja aliyekuwa juu ya gari alinivuta kwa shati, na kaka hakuweza kusimama tena, asije akakwama. Nilitazama nyuma. Ulikuwa umeinua mkono, kiganja chini, unakisogeza. Mimi nimeishi nikiamini ulikuwa unatuambia twendeni. Kaka, mpaka pumzi yake ya mwisho, aliamini ulikuwa unatuita turudi. Ndiyo maana aliliegesha vile.

Katika barua zako zote hukuwahi kusema, nami sikuwahi kuuliza. Sikuulizi sasa. Naogopa, Dada. Nimesoma vitabu vingi kuliko ninavyoweza kuvibeba, na hakuna kilichonifundisha namna ya kusimama mbele yako nikisubiri utamke neno moja kati ya hayo mawili. Usiniandikie jibu. Na wewe mkaza mwana unayesoma, ukiambiwa uliandike, tafadhali mwambie akapumzike kwanza.

Komando atakuja. Nilipomwambia kwamba aende peke yake, alinuna siku nzima, akaosha gari ambalo halikuwa chafu. Jioni alikuja mlangoni kwangu akasema, "Shangazi akiniuliza uko wapi, nimwambie nini?" Nikamwambia barua itatangulia. Jeki atafuatana naye. Anadai anakwenda kulinda springi zake.

Atakapofika ataingia uani kwako kinyumenyume. Usimshangae, ni malezi. Mpishie anachopenda, yaani chochote. Usimsifu mbele ya Jeki, atavimba kichwa. Mwache akae nawe kadiri atakavyo, na mpapase uso kwa mikono kama macho hayatoshi. Ana pua ya mama.

Na jambo moja nakuomba. Ile ngazi aliichomelea kwa ajili yangu. Kipago cha kwanza kiko chini kabisa, goti lako halitapata taabu, na kishikio kiko kulia kwako. Panda. Kaa kwenye kiti changu. Mwambie akupeleke kaburini kwa mama, na mkifika asizime injini mpaka uwe umeshuka, umesimama, na umemwambia azime.

Nisalimie mwanao na mkaza mwanao, huyu mwenye sauti ya uvumilivu. Nisalimie watoto wao wote kuanzia kifungua mimba. Msalimie mjomba, kama bado anabishana na redio. Jeki anakuamkia, ingawa hamjaonana. Mungu akuhifadhie nuru iliyobaki machoni mwako, na akuzidishie ile ya moyoni, ambayo haijawahi kupungua.

Nimelitazama gari tena kabla ya kufunga bahasha. Liko langoni, tangi limejaa, kiti cha kushoto kitupu. Litakuja, Dada. Mimi sitarudi.

Nduguyo akupendaye tangu ulipombeba mgongoni,

Kitinda mimba wenu