Salamu za Baba Lusajo

Alhamisi, mvua tangu jioni

Ningemkata tu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, na sikumkata.

Jumatatu Ambakisye, mkulima wa kakao kule Talatala, alipiga simu kwenye kipindi changu cha salamu. Alianza kama wanavyoanza wote: akamsalimia mkewe mama Lusajo, mama yake mzazi, wakwe zake wa Ipyana, mmoja mmoja kwa majina. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akasema michango ya zahanati yao imeliwa, na akamtaja aliyeila. Yaani kautambulisha ukoo mzima kwanza, ndipo akasema!

Jana wanaume wawili walikuja redioni kuomba rekodi. Wapole kabisa. Meneja akawapa, kisha akaniambia, "Wewe endelea na salamu tu, siasa waachie wenyewe." Salamu! Kwani ile ilikuwa nini?

Tangu walipoondoka, simu ya Ambakisye haipatikani. Na mimi, kila pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, nazima taa. Najiona mjinga, lakini nazima.

Leo kipindini akapiga mwanamke, sauti ndogo. "Dada, naomba kumsalimia baba Lusajo, popote alipo. Mwambie watoto wamekula. Ndaga fijo, asante sana."

Hapo huwa nauliza nimpigie wimbo gani huyo anayesalimiwa. Nikauliza. Kwa sauti yangu ile ile ya furaha, nikauliza.