Kopo Langu Limetoa Tumbo

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, soko limejaa tope hadi vifundoni, na mimi nimerudi nyumbani nikiimba.

Lakini nianze na aibu yangu.

Nauza maharagwe hapa Kisangani, yale yanayotoka kwetu Butembo. Tangu vita ifunge barabara, magunia yanafika kwa shida, na sisi wauzaji tukapata ujanja: unapiga kitako cha kopo la kupimia kwa jiwe, kinaingia ndani. Bei inabaki ileile, mteja anabeba pungufu. Nami nikapiga langu. Nilijiambia ni vita iliyolipiga.

Uongo. Jiwe nililishika mimi.

Mama Bolumbu anawapikia wafanyakazi wa uwanja wa ndege kule Bangboka, na ndiye anayenunua karibu nusu ya mzigo wangu. Mwezi uliopita alikuja na kopo lake la nyumbani, akamimina humo niliyompimia. Halikujaa. Hakugomba. Aliyarudisha maharagwe kwenye gunia langu taratibu, akaenda zake.

Heri angenitukana.

Majuma matatu hakuonekana, na meza yangu ilikuwa inakufa. Jumatatu nikachukua nyundo, nikalipiga kopo kutoka ndani. Kwa hasira niliyokuwa nayo, kitako hakikunyooka, kikatoka nje kama tumbo la mjamzito. Sasa linayumba mezani, na linameza kuliko kopo lolote sokoni. Basi nikapandisha bei waziwazi, kila mtu nikamweleza sababu. Kasereka, jirani yangu wa meza, aniitaye yaya, yaani dada, alicheka mpaka akakohoa.

“Yaya Kavira, vita iko, na weye unagawia watu bure! Utakula nini?”

Siku nne watu walisikia bei wakapita. Niliogopa sana, sitaficha.

Leo Mama Bolumbu ametokea ndani ya mvua, viatu mkononi. Nadhani kopo langu limeshakuwa kichekesho hadi Bangboka. Nikamtajia bei kabla hajauliza. Nilipompimia, akamimina kwenye kopo lake: likajaa, maharagwe yakamwagika mezani. Akageuza langu, akaona lile tumbo, akacheka hadi watu wakakusanyika. Akachukua gunia zima!

Kisha akanyoosha mkono, kama desturi.

“Bon, na matabisi yangu?”

Bei imepanda, kopo limetoa tumbo, na bado anataka nyongeza! Nilimwongezea viganja viwili, machozi yakinilengalenga.

Alipoondoka nikaona amesahau kopo lake. Nikamwita. Hata hakugeuka.

“Kopo ibakie tu. Kwako siko nayo tena kazi.”

Tulipokuwa tunafunga, Kasereka alikuja kimya kuomba nyundo yangu. Nimempa.

Jumatatu nitatundika kopo la Mama Bolumbu mbele ya meza, anayetaka kunipima anipime.