Chai ya Kijani, Presha na Chumba cha Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nimeamka, nimefagia, nimeweka maji kwa jiko. Auma wa mlango ya pili ameacha cherehani yake aandike. Mimi nasema. Shule sikuona, lakini mdomo ninayo.

Jana Robai, msichana wangu, alitoka Kawangware na sura ya matanga. Presha yangu iko juu, sista wa kliniki amemwambia. Sasa Robai anasema kama haitakuwa imeshuka Alhamisi tarehe ishirini, nahamia kwake. Hapa kwangu Kambi Muru basi, niage. Na kwake ni chumba moja! Yeye, bwana yake, watoto, na pazia. Mimi nilale huku, mkwe wangu avue shati upande ule? Kwetu Maragoli mama mkwe na mkwe hata mkono hawapeani. Afadhali mishipa ipasuke.

Ameniachia pakiti ya majani ya kijani. Mama anayemfanyia kazi hukunywa hiyo. Ati ndani ya jani kuna kitu inalegeza mishipa, damu ipite bila kusukumana. Jina ya hiyo kitu ni refu, nimekataa kuishika.

Jumatano, 5 Machi

Nimepika hiyo chai. Vile chai inapikwa: maji, maziwa, majani, sukari, ichemke mpaka ipande. Imetoka rangi ya dimbwi. Chungu! Nimeongeza sukari. Nikaongeza tena. Nimemaliza sufuria.

Vidonge zenye sista alinipa nimeweka juu ya kabati. Dawa mbili kwa mdomo moja ya nini? Hata marehemu mzee wangu alikuwa hivyo, akipata miti-shamba anatupa ya hospitali. Alikufa, ndiyo, lakini aligongwa na gari.

Jumamosi, 8 Machi

Kichwa inagonga. Kwa foleni ya maji nyumba zilianza kuzunguka. Auma akanishika kwapa, tukaenda kliniki. Presha imepita ile ya kwanza.

Nimeogopa. Andika hivyo Auma, nimeogopa.

Sista, huyo anaita kila nyanya shosho, akauliza nimekuwa nikitumia nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika meza.

"Na maziwa, shosho? Na sukari?"

Halafu akakasirika. Majani unamwagia maji moto tu, unafunika kidogo, unakunywa hivyo hivyo. Inaweza kusaidia mishipa, kidogo, hata wasomi bado wanachunguza. Kidonge ndio inashika presha.

"Majani ni ya kusindikiza tu. Ukiacha kidonge, shosho, tutakuzika na hiyo pakiti."

Chumvi pia nipunguze. Samaki ya omena bila chumvi! Huyo sista hana huruma.

Jumapili, 9 Machi

Robai amekuja kufunga vitu zangu, hakungoja hata siku yenyewe. Nimekaa juu ya godoro. Aanze kutoa mimi.

Bwana yake naye amekuja na mkokoteni. Amesimama nje, mgongo kwa mlango. Mimi ndani nimefunika uso na leso. Tumeongea na ukuta katikati.

"Mama, kunywa vidonge. Nakuomba."

"Kwani hutaki nikuje kwako?"

Akajibu na sauti ya chini: "Mama, sasa mimi nitalala wapi?"

Robai akafoka. Ati sisi wawili ni washamba, hii ni Nairobi. Na Nairobi ni ya nani? Mkwe akageuza mkokoteni, akaenda nayo tupu. Leo nimempenda huyo kijana. Lakini Robai ameapa, tarehe ishirini iko palepale.

Ijumaa, 14 Machi

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba kwangu. Hapa mgeni hapewi chai bila maziwa. Ni kumwambia umefilisika, ama humtaki. Nimewapa ya kijani, bila maziwa, bila sukari. Wakaangaliana.

"Mama Robai, ng'ombe yako imeenda likizo?"

"Iko na presha," nikasema.

Mmoja akamwaga yake nje akidhani sioni. Nimeona. Nikameza kidonge mbele yao, nikashushia na kikombe mpaka chini. Polepole. Waende waseme mimi maskini. Mdomo ni yao, mishipa ni yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Imeshuka. Si presha ya msichana, lakini imeshuka. Sista amepima mara ya pili kuhakikisha.

Robai aliuliza ni majani ama ni vidonge. Vidonge, sista akasema, na kuacha chumvi. Majani labda, kidogo. Sawa. Nitakunywa zote. Sina kesi na yoyote.

Tumerudi na Robai. Amenifikisha mlangoni, amenifunga kitambaa vizuri kichwani, amerudi Kawangware kwa bwana yake.

Mvua inanyesha kidogo. Niko kwangu.