Nyoka Asiyeitwa Nyoka

Dada Zuhura,

Huku Nyanchwa mvua haikatiki, na ndizi nimekula mpaka basi. Shemeji Nyambane anafuga nyoka asiye na sumu, ila ukisema "nyoka" anakukosoa: "Sema tambi. Wafugaji wa mtandaoni walibuni jina hilo ili wageni wasiogope." Mama yake akasema wao tangu zamani humwita "kamba", nyoka asije akasikia jina lake akaja. Shemeji akamcheka, eti ushirikina.

Jana akimlisha, tambi akamng'ata kidole gumba. Shemeji akapiga mayowe ya "enchoka", yaani nyoka kwa Kikisii, mpaka majirani wakaja na majembe. Mama hakuacha kumenya ndizi. "Si umemwita mwenyewe."

Nibusie watoto. Paka wako endelea kumwita paka.

Mdogo wako,
Mwanaisha